Fimbo haina kosa, nawe huna

Kama unaishi na ulemavu, sikiliza unavyojisemea pale mwili unapogoma. Kifungo cha shati kinateleza vidoleni mara ya tatu, na sauti ya ndani inakuja: "Hata hili limekushinda?" Hapohapo tulia. Weka kiganja kifuani, vuta pumzi taratibu, kisha jiambie ambacho ungemwambia rafiki yako kipenzi: "Hili ni gumu, wala halikupunguzii thamani." Litamke kwa sauti. Mwanzoni maneno yatakuwa makavu mdomoni, endelea tu.

Halafu vifaa vya kukusaidia. Nimeona watu wakificha fimbo ya kutembelea nyuma ya mlango, jioni wako hoi, na uchovu huo ndio unaowaletea hasira na machozi. Itumie mapema, nguvu zibaki kwa unayoyapenda. Siku ya maumivu, punguza kazi bila kumwomba mtu radhi.

Huzuni ikikaa zaidi ya wiki 2, usingizi na hamu ya kula vikapotea, muone mhudumu wa afya. Usikubali kuambiwa eti ndivyo ulemavu ulivyo. Ukianza kutamani kufa, usingoje wiki hizo: mwambie mtu leo.