Kibanda cha betri za sola

Betri zangu nne za asidi zilikaa chini ya ngazi, hapa Kayole, mpaka usiku mmoja harufu ya yai bovu ikanitoa usingizini. Kesho yake nikazihamishia nje.

Jenga kibanda upande wa mashariki wa nyumba, jua la alasiri lisikifikie. Mabati matupu ni tanuri. Weka stairofomu ya inchi 2 kati yake na plaiwudi, hasa paani. Betri ikizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 hivi, maisha yake hupungua karibu nusu. Toboa matundu chini na juu kabisa, maana haidrojeni, gesi ya kulipuka ambayo betri hutoa zikichajiwa, hupanda; uyawekee wavu. Inverta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani, isikae humo kamwe: cheche moja yatosha kuilipua gesi hiyo. Ziinue betri, mvua za Aprili zisizilowanishe.