Jinsi ya kusajili jumuiya ya dini Tanzania Bara na kulinda kiwanja cha ibada

Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo, jumuiya husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Kusanyiko lililo chini ya dhehebu lililokwisha kusajiliwa haliombi upya. Makao makuu yake huliorodhesha.

Anzeni na kikao cha waanzilishi wasiopungua 10. Andikeni muhtasari, kila mmoja asaini. Kikao hicho kipitishe katiba, na hapo msiharakishe. Katiba nyingi hueleza imani kwa kurasa nzima, kisha hazisemi kiongozi anaondolewaje, nani anasaini hundi, au mali itakwenda wapi jumuiya ikivunjika. Migogoro ya makanisa na misikiti huzukia hapo hapo. Jina nalo lisifanane na la jumuiya iliyopo.

Ambatanisheni fomu za maombi, katiba, majina ya wanachama, wasifu wa viongozi na barua ya Mkuu wa Wilaya. Kabla ya kwenda wilayani, pitieni serikali ya mtaa au kijiji mtambulike. Jumuiya za Kiislamu ziongeze barua ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Majina ya viongozi yaandikwe sawasawa kwenye fomu, wasifu na vitambulisho; herufi moja ikipishana huweza kuwarudisha nyuma.

Mkishapata cheti, kazi haijaisha. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kununua kiwanja kwa jina la mchungaji au la mzee wa msikiti. Akifariki, warithi wake wanaweza kukidai, na waumini waliochanga miaka yote wakabaki kuhangaika mahakamani. Chagueni wadhamini, yaani watu wa kushika mali kwa niaba ya jumuiya, kikaoni, kisha ombeni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa mkuu wake, Kabidhi Wasii Mkuu, wasajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Bodi ya wadhamini ikisajiliwa inaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, hata wadhamini wakibadilika. Hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la bodi hiyo.

Mtu akiharibu au kunajisi nyumba ya ibada, au akivuruga ibada, ripotini polisi: vifungu vya 125 na 126 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vinahusika.

Mdhamini akifariki au akijiuzulu, pelekeni RITA muhtasari wa kikao kilichomchagua mwingine, msisubiri mpaka siku mnayohitaji saini yake.