Somo: Kuchagua tochi ndogo yenye mwanga mkali bila kudanganywa na namba za kwenye boksi

Wakuu, mgao wa umeme ukirudi tu watu wanaanza kuulizana wanunue tochi gani, na majibu yote huanza na lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Mimi naanzia kwenye betri. Tochi ya mfukoni haina pa kuficha umeme. Ikidai inatoa mwanga wa kutisha, umeme wake lazima utoke kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Ukishaijua betri, unaweza kumkagua muuzaji kabla hata hajaiwasha.

Naongelea tochi ya kutembea nayo kila siku, isiyozidi urefu wa kiganja: ya kurudi nyumbani usiku, kubadilisha tairi, kuchungulia darini. Tochi ya simu nyingi ni kama lumeni 50 tu. Inatosha kutafuta funguo, lakini kwenye njia yenye majani utamkanyaga nyoka kabla hujamwona.

Hatua ya 1: Chagua betri kwanza

Lenga 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye betri za laptop za zamani na powabenki, kwa hiyo fundi yeyote wa mtaani anaijua. Ipo pia 21700, nene na ndefu kidogo, inashika umeme zaidi, ila mfukoni utaihisi.

Sasa tupige hesabu. 18650 nzuri ina mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 3,500 hivi kwa volti 3.6. Zidisha, unapata wati-saa 12.6. LED nzuri, ukiondoa kinachopotea njiani, hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Maana yake betri hiyo moja ina lumeni 1,000 za saa moja na ushee, au 300 za saa nne, au 100 za kuanzia jioni mpaka alfajiri. Kampuni nzuri zinaweza kuongeza kidogo hapo. Kuzidisha mara kumi haiwezekani.

Chukua sasa lile boksi lililoandikwa lumeni 100,000. Kwa hesabu ileile, tochi hiyo ingekula wati 1,000, ambao ni umeme wa pasi, na ungekuwa umeishika mkononi. Na betri ya 18650 ya mAh 9,900 haipo, hata kama imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Iweke kwenye mzani wa duka la vito ukitaka: halisi ina gramu 45 hadi 50. Za uongo mara nyingi ni nyepesi, na nyingine zikipasuliwa hukutwa na kibetri kidogo katikati, pembeni umejazwa unga.

Kama unakoishi 18650 ni ya kuagiza, basi tafuta tochi ya AA, betri za saa ya ukutani. Haitakuwa kali sana, lakini hutakwama. Angalizo moja: kuna betri inaitwa 14500, umbo lake ni AA kabisa ila volti yake ni 3.7 badala ya 1.5. Usiipe tochi isiyoikubali, wala saa yako, wala rimoti.

Hatua ya 2: Jua kipimo kilipigwa lini

Kampuni makini hupima kwa kanuni ya ANSI FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, iliyotoka 2009. Ukiona alama zake ndogo kwenye boksi (miali, saa, umbali), ni dalili njema. Lakini soma kwa jicho la mkaguzi. Lumeni za FL1 hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu tochi iwashwe. Muda wa kukaa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya pale ulipoanzia. Kwa hiyo boksi linaweza kusema "lumeni 1,000, saa 3" bila uongo wowote, wakati tochi imeshuka hadi 300 dakika ya tatu na imemalizia ikitoa 100.

Hapa ndipo wengi wanapigwa kihalali. Sababu ya kushuka ni joto. Kibomba cha alumini cha ukubwa wa kidole gumba hakiwezi kutoa nje joto la lumeni 2,000 kwa muda mrefu, hata betri ingekuwa bado na nguvu. Kwa hiyo usiulize inafika ngapi, uliza inatulia kwenye ngapi. Kampuni nzuri huweka mchoro wa mwanga dhidi ya muda. Tafuta ule mstari ulionyooka baada ya mporomoko wa mwanzo. Tochi ya 18650 inayotulia kwenye 400 au 500 ni tochi nzuri sana.

Hatua ya 3: Mbali au upana

Lumeni ni jumla ya mwanga wote. Ukali wa pale katikati ya mwale ni kandela, na ndio unaoamua umbali. Kanuni ni rahisi: kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, unapata mita. Kandela 10,000 ni mita 200. Ila huo "umbali" ni pale mwanga unaokifikia kitu umebaki luksi 0.25, kama mbalamwezi kamili. Kumtambua mtu ni nani, gawa kwa mbili au zaidi.

Kwa matumizi ya kila siku chukua yenye upana mzuri, kandela 5,000 hadi 15,000 inatosha. Mlinzi wa shamba ndiye atafute zaidi.

Zile za kuvuta kichwa mbele na nyuma mimi sizipendi. Ivute mpaka mwisho, mulika ukutani: utaona pembe nne kali, na hiyo ni picha ya LED yenyewe. Mwanga uliobaki umeishia ndani ya kichwa cha tochi, haukutoka. Na kichwa kinachoteleza ni mlango wa maji na vumbi. Yale maandishi ya "T6" ubavuni nayo yasikutishe. T6 ilikuwa daraja la ung'avu la LED fulani za zamani, leo inabandikwa kwenye chochote.

Hatua ya 4: Rangi

Mwanga wa kelvini 6,500 ni mweupe wa kuelekea bluu, huonekana mkali lakini hufanya kila kitu kipauke. 4,000 hadi 5,000 ni mzuri kwa macho. Kama kazi yako ni nyaya za rangi, ngozi au nguo, tafuta CRI (kipimo cha mwanga kuonyesha rangi halisi) 90 na kuendelea, hata ukipoteza lumeni kidogo.

Hatua ya 5: Ishike kabla hujalipa

Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji atamulika dari, wewe utasema "duh", na biashara itakuwa imeisha. Usikubali. Iombe mkononi.

Fungua kifuniko cha nyuma. Uzi ulainike, usikwaruze. Pawe na oringi, mpira ule mwembamba wa duara, ukiwa umekaa kwenye mfereji wake bila kuchanika. Springi iwe nene na imesimama wima. Weka betri, washa mwanga wa juu kabisa, kaa nayo dakika tatu mkipiga soga. Mwili wake unapaswa kupata joto. Ikiwa inang'aa sana na mwili umebaki wa baridi, usifurahi: joto limenasa kwenye LED, na LED hiyo haitadumu.

Kisha punguza mwanga, imulike kamera ya simu yako. Mistari myeusi ikipita kwenye skrini, tochi inawaka na kuzimika haraka haraka ili ionekane hafifu. Mwenye kufanya kazi na kitu kinachozunguka, kama feni au mashine ya kusaga, hiyo itamchosha.

Mwisho, fumba macho utafute swichi kwa kidole. Kama ni ya ubavuni, hakikisha inaweza kufungwa. Tochi ya lumeni 1,500 ikijiwasha mfukoni itakuunguza paja. Isiyo na kufuli, legeza kifuniko robo mzunguko, tochi nyingi hukata umeme hapo.

Hatua ya 6: Chaji na maji

Chukua ya taipu C. Baadhi za bei rahisi hazichaji kwa waya wa C kwa C, zinataka wenye USB pana upande mmoja, kwa hiyo jaribu papo hapo. Kwa maji, angalia alama ya IPX: IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, IPX4 ni matone na mvua ya kawaida tu. Hiyo X inamaanisha vumbi halijapimwa.

Mtu akinibana nitaje majina: Wurkkos FC11C kwa anayejali rangi, Sofirn SC31 Pro kwa anayetaka ukali, Convoy S2+ kwa anayependa kitu rahisi. Toleo la kawaida la S2+ halina kitundu cha chaji, nunua na chaja yake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Mwanza, yangu inafifia baada ya dakika mbili. Nirudishe dukani?*
Ikiwa ya moto, hapana, inajilinda. Iache ipoe, iwashe tena. Ikirudi na ukali wake, ni nzima. Isiporudi, chaji betri kwanza ndipo ugombane na muuzaji.

*Fundi, hapa Kitale nimetoa 18650 sita kwenye betri ya laptop kuukuu. Naweza kutumia?*
Pima kila moja kwa mita ya volti. Iliyokutwa chini ya volti 2.5, usiifufue, itoe. Iliyobaki, chaji hadi 4.2, iache wiki nzima, pima tena. Iliyoshuka sana au inayopata joto ikichajiwa, achana nayo. Karatasi ya nje ikichanika usiitumie hivyohivyo, maana ubavu wote wa betri ni hasi. Na iwe tochi ya betri moja. Betri mbili za umri tofauti kwenye mstari mmoja ni hatari.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkunga, umeme ukikatika usiku tunatumia simu. Ninunue ya lumeni ngapi?*
Marahaba dada. Wewe usinunue ya mkononi, chukua ya kuvaa kichwani, mikono iwe huru. Lumeni 300 zinatosha kabisa. CRI 90 ni lazima kwako, ili uone damu na rangi ya ngozi ya mtoto sawasawa. Usiielekeze machoni mwake. Kaa na betri ya akiba iliyojaa.

*Sisi wa Unguja, tochi zinaliwa na chumvi. Dawa?*
Chukua ya IPX8, inayostahimili kuzama kuliko IPX7, na kila ukirudi pwani isuuze kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa, ikauke, ndipo uifungue. Paka oringi grisi ya silikoni kidogo, si mafuta ya kula.

*Nasafiri Dar kwenda Muscat, nitanyang'anywa betri?*
Ukiweka betri za akiba kwenye begi la mkononi, hapana. Kwenye begi la kupakiwa chini haziruhusiwi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri, yako ina 12.6. Kila moja iwe kwenye kiboksi chake cha plastiki, isigusane na funguo wala sarafu, na ile iliyo ndani ya tochi legeza kifuniko.