Solo ya gitaa kavu kwa vidole viwili

Wimbo wa kusimulia una maneno mazito, na solo ikija na noti ishirini kwa mkupuo, msikilizaji anapoteza alichokuwa anakitafakari. Kwa hiyo leo tunapiga noti nne tu.

Kwanza, imba ubeti wa mwisho kimoyomoyo mpaka ujue mwimbaji anavuta pumzi wapi. Unaingilia hapo hapo.

Pili, na hapa tusiharakishe. Mwenzako apige rizimu ya kukusindikiza, kwa kodi (noti kadhaa zikilia pamoja) za Dm7, G7, Cmaj7. Nyuzi tunahesabu kuanzia ule mwembamba kabisa. Wewe weka kidole cha shahada freti ya kwanza (chumba cha kwanza kutoka kichwa cha gitaa), uzi wa pili. Cha kati freti hiyo hiyo, uzi wa kwanza. Kwenye Dm7 piga uzi wa pili: hiyo ni C. Rizimu ikihamia G7, inua shahada, piga tena uzi ule ukiwa mtupu: imeshuka B. Sasa uzi wa kwanza: F. Ikiingia Cmaj7, inua cha kati, F inashuka E. Ile B bado inalia, haijarudi nyumbani kwenye C, na ladha ya jazi imo humo. Mimi huiacha ife yenyewe.

Tatu, piga kwa nyama ya dole gumba, juu ya tundu la gitaa. Karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye tumbo la gitaa, sauti inakuwa kali.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Sisi wa Tabora tumekulia Segere Matata, mtindo wa bendi ya Tabora Jazz, solo haipoi. Hii si itapooza?*

Marahaba mwanangu. Segere ni ya kuchezwa, na gitaa la umeme linasukuma miguu ya watu. Hapa watu wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, wanasikiliza habari ya mtu. Napenda zote mbili, ila usizichanganye kwenye wimbo mmoja.

*Sina wa kunipigia rizimu.*

Jirekodi kwenye simu, kila kodi mapigo manne, taratibu.

*Mwalimu, niko Ujiji. Rizimu wetu anakung'uta kwa nguvu, solo haisikiki.*

Usishindane naye kaka. Mwombe alaze kiganja kwenye nyuzi karibu na daraja wakati wa solo, abaki na besi tu. Akikataa, ngoja anyamaze kabla ya ubeti, upige C na B, basi.