Upana wa njia ya shaba kwenye bodi ya sola
Mafundi wa Moshi mnaochora bodi za saketi za kontrola za sola, njia ya ampea 5 msiichore nyembamba kama ya taa ya LED. Kwa shaba ya kawaida yenye unene wa mikroni 35, njia ya juu ya bodi inataka upana wa kama milimita 2.8 ili joto lake lisipande zaidi ya nyuzi 10 juu ya joto la mazingira. Ukiipitisha tabaka la ndani, kanuni ya IPC-2221 (mwongozo wa kimataifa wa kuchora bodi za saketi) inadai zaidi ya milimita 7. Boksi likikaa chini ya bati, na joto la Februari ya hapa mnalijua, ongeza upana tena. Kuipaka risasi ya kulehemu kunasaidia kidogo tu, kwani haipitishi umeme vizuri kama shaba. Afadhali uchomelee juu yake kipande cha waya wa nyumba wa milimita mraba 1.5, uliomenywa ganda.