Namna ya kusaka jeni za saiklezi na PDE kwenye diatomu

Diatomu ni mwani wa seli moja. Saiklezi ni vimeng'enya vinavyotengeneza cAMP na cGMP, molekuli ndogo za kupeleka ishara ndani ya seli, kutoka kwa ATP na GTP. Fosfodiesterezi (PDE) huzivunja. Kwa diatomu Phaeodactylum tricornutum, cAMP hushiriki kuzima jeni ya kaboniki anhidrezi (kimeng'enya kinachogeuza CO2 kuwa bikaboneti na kurudi) pale CO2 inapojaa majini. Kwa Seminavis robusta, cGMP inahusika na uzazi wa kijinsia. Tuanze na Phaeodactylum: jenomu yake ilichapishwa 2008, ina jeni elfu 10 na ushee tu.

Hatua ya 1. Ingia Ensembl Protists (hifadhidata ya jenomu), pakua faili la protini. Pakua na la DNA pamoja na GFF (faili la mahali jeni zilipo); usipofanya hivyo utakwama hatua ya 4.

Hatua ya 2. Chukua modeli za Pfam (mkusanyo wa familia za vikoa, yaani sehemu za protini zenye kazi yake): PF00211 ya saiklezi, PF00233 ya PDE. Kisha tumia hmmsearch ya programu ya HMMER, na urudie kwa PF00233:

`hmmsearch --cut_ga --domtblout saiklezi.tbl PF00211.hmm protini.fa`

`--cut_ga` hutumia kiwango kilichowekwa na Pfam wenyewe, hivyo hukisii E (kipimo cha uwezekano wa kufanana kwa bahati).

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi ilipo. Jina "adenili saiklezi" kwenye hifadhidata lisikutulize. Kata kikoa peke yake, kipange kwa MAFFT (programu ya kupanga mfuatano sambamba) pamoja na saiklezi za mamalia ambazo umbo lake limeshapimwa, halafu soma safuwima kwa macho. Tafuta asidi amino hizi: aspatati mbili zinazoshika metali, asparajini na arginini. Lisini na aspatati kwenye nafasi za kuchagua kati ya ATP na GTP huashiria ATP. Glutamati na sisteini huashiria GTP. Ukikuta mchanganyiko usio huu, andika "saiklezi" basi, uache neno la mbele ("adenili" au "guanili").

Na usitupe protini iliyopungukiwa asidi amino moja kati ya hizo. Vikoa hivi hufanya kazi viwili viwili, na eneo tendaji liko pale vinapokutana: aspatati hutoka upande mmoja, arginini upande wa pili. Nusu inayoonekana mbovu huenda ina mwenzake.

Kwa PDE, tafuta HD (histidini na aspatati), herufi mbili zozote, kisha H.

Hatua ya 4. Linganisha majedwali mawili, la saiklezi na la PDE. Diatomu wana protini zenye saiklezi na PDE kwa pamoja. Moja ya aina hiyo huamka Seminavis inapopata feromoni ya mwenzake. Programu za kutabiri jeni huweza kuikata jeni ndefu kuwa mbili, kwa hiyo angalia majirani kwenye GFF. Visomo vya RNA vinavyovuka pengo ndivyo vitakavyoamua.

Hatua ya 5. Chora mti wa ukoo wa protini kwa programu ya IQ-TREE, ukitumia vikoa tu.

Hatua ya 6. Ukifika maabara, pima cAMP kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili), ukiwa na IBMX (dawa inayozuia PDE) na bila IBMX. Kiwango kisipopanda, usiseme PDE haipo: hata kwa mamalia, PDE8 na PDE9 haziitikii IBMX.