Filta isimeze vifaranga

Ukiamka ukamkuta samaki wa tangi lako amenata kwenye mdomo wa filta, pale inaponyonyea maji, usiharakishe kuilaumu. Samaki mzima hata akiwa mdogo, neoni tetra kwa mfano, huushinda mvuto wa filta ya kawaida bila taabu. Utamwona akipita mbele ya yale matundu siku nzima wala hashtuki. Anayenaswa mara nyingi ni yule aliyekwisha dhoofu, au aliyekufa usiku akasombwa na maji mpaka pale. Kwa hiyo kwanza pima amonia na nitriti, sumu mbili zinazotokana na uchafu wa samaki. Zote mbili zinatakiwa ziwe sifuri. Zikiwa juu ya hapo, ugonjwa uko kwenye maji, na kuziba mdomo wa filta kutakufichia dalili tu.

Wapo lakini ambao filta huwaonea kweli. Kifaranga, yaani mtoto wa samaki, wa aina ya gapi huzaliwa akiwa na urefu wa milimita 6 au 7 hivi, mwembamba kiasi kwamba anapenya kwenye nyufa za mdomo wa filta bila kugusa kingo. Watoto wa uduvi ni wadogo zaidi. Halafu kuna samaki aitwaye beta, mwenye mapezi marefu kama kanga iliyoanikwa, na mwenye tabia ya kulala ameegemea chochote kilicho karibu. Akiegemea mdomo wa filta, pezi linaingia kwenye ufa na kuchanika.

Wote hao dawa yao kwangu ni moja: sponji juu ya mdomo wa kunyonyea. Tafuta sponji iliyotengenezwa kwa ajili ya filta, si ya kuoshea vyombo, maana baadhi ya hizo zimetiwa dawa za kuua bakteria. Ukipata bonge, lilowanishe, ligandishe kwenye friza, kisha likate kwa kisu chenye makali likiwa bado gumu. Bila barafu, sponji hukimbia kisu na kutoka mapengo mapengo. Toboa shimo katikati, jembamba kuliko bomba lenyewe, ili sponji ishike bila kufungwa. Usilitoboe likatokea upande wa pili. Acha kitako cha sentimita 2 hivi, la sivyo umewafungulia vifaranga mlango wa chini.

Ukubwa wa sponji ndio unaofanya kazi, na hapa ndipo watu wanapobania. Pampu inavuta maji yaleyale, lakini sasa yanaingia kupitia eneo pana, kwa hiyo nguvu ya mvuto katika kila sehemu inapungua. Sponji yenye ukubwa wa ngumi inanyonya kwa upole. Yenye ukubwa wa kidole gumba inaweza kumbana kifaranga hata kama haimmezi. Ili kujua, dondosha kipande kidogo cha jani karibu nayo. Kikisogea polepole na ukaweza kukipeperusha kwa kutikisa maji kwa kidole, uko salama. Kikiruka na kuganda pale, sponji ni ndogo mno au imejaa uchafu. Matundu ya wastani yanatosha kwa vifaranga. Madogo sana huziba upesi na pampu inaanza kukoroma kwa kukosa maji.

Kuna wanaofunga kipande cha soksi ya nailoni. Siipendi. Inaziba haraka, na eneo la kunyonya linabaki dogo vilevile. Wavu wa chuma cha pua wenye matundu yasiyozidi milimita 1 ni bora kidogo, mradi uupitishie kitambaa laini kwanza: kikikwama, na pezi litakwama. Hata hivyo, wavu huzuia kumezwa tu, mvuto haupungui.

Mdomo wa kutolea maji nao una hatari yake. Beta anayejificha pembeni kutwa nzima, au anayeogelea bila kupumzika huku akibaki palepale, amechoshwa na mkondo. Elekeza maji ukutani, au kwa filta ya kuning'inia, ile inayokaa ukingoni na kumwagia maji tangini, ongeza maji ndani ya tangi ili maporomoko yawe mafupi. Filta ya nje yenye mabomba ipunguze kwa kubana bomba la kutolea, kamwe si la kunyonyea, kwa sababu pampu ikinyimwa maji inachakaa.

Tangi la kuzalishia mimi siwekei filta ya mota kabisa. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha: haina ufa wa kumeza mtu. Itazame kwa karibu baada ya wiki kadhaa utaona vifaranga wamejipanga juu yake wakidonoa vijidudu vilivyoota pale. Weka pampu ya hewa juu kuliko usawa wa maji, au funga vali ya kuzuia maji kurudi, umeme ukikatika yasishuke kwenye mpira mpaka ndani ya pampu.

Usizime filta usiku eti vifaranga wapate utulivu. Bakteria wanaovunja amonia wanaishi mle ndani, na wanahitaji maji yenye oksijeni yapite muda wote.

Siku ya kusafisha, chomoa plagi, kisha kinga bakuli chini ya sponji kabla ya kuivuta, uchafu usitawanyike. Ikamue ndani ya maji uliyoyateka kwenye tangi, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba itawaua wale bakteria. Chungulia bakuli kabla ya kumwaga, na filta ya kuning'inia ipige tochi ndani ya kisanduku chake. Vifaranga walioingia kabla hujaweka sponji wanaweza kuwa mle, wazima, wamenenepa kwa makombo.

Na ukimkuta samaki amenaswa akiwa hai, zima umeme kwanza. Mkono baadaye. Mara nyingi mvuto ukikata anajiachia mwenyewe. Ukimvuta unamchuna magamba na ule utelezi unaomkinga. Pezi likiwa limebana kwenye ufa, chomoa kichwa cha mdomo pamoja naye, humohumo majini, ukitikise taratibu mpaka atoke. Mtenge kwenye kisanduku cha kulelea kilichoning'inizwa ndani ya tangi, pasipo na mkondo. Pezi lililochanika huota tena maji yakiwa safi. Ndipo urudi kwenye vile vipimo vya amonia na nitriti.